Vumbi Jeupe, Vumbi Jekundu

Kwanza ulisikika mlio.

Haukuwa mlio wa msumeno unaokata. Msumeno wenye ubao mdomoni huguna, hukoroma, hupanda na kushuka. Huu uliimba sauti moja tu, nyembamba na ndefu, kama mtu aliyesahau maneno ya wimbo lakini hataki kunyamaza. Mshona nguo wa jirani aliusikia tangu alipoanza kushona mkono wa blauzi. Akamaliza mkono ule, akaanza wa pili, na mlio ukawa palepale. Hapo aliacha cherehani, akavuka uchochoro, akasukuma mlango wa karakana ya useremala.

Ndani hapakuwa na mtu aliyesimama. Vumbi jekundu la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha, polepole, kana kwamba halikuwa na haraka ya kufika chini. Diski ya msumeno wa meza ilizunguka peke yake. Mbele yake, chali sakafuni, alilala fundi mwenye karakana, macho wazi, kama anayekagua kama dari limenyooka. Ubavuni pake palikuwa na kipande cha ubao mwekundu.

Inspekta alipofika, msumeno ulikuwa umeshazimwa. Hata hivyo aliendelea kuusikia, mbali, nyuma ya masikio.

"Nani ameuzima?"

"Mimi, Afande," alijibu sajenti. "Nimebonyeza kwa kalamu. Alama za vidole kwenye swichi sijazifuta."

"Kingine chochote kimeguswa?"

"Hakuna."

"Kisiguswe. Hata vumbi."

Sajenti alitazama sakafu, rafu, madirisha, nywele zake mwenyewe kwenye kioo, vyote vimenyunyiziwa unga wa mbao, akajiuliza hilo la vumbi litawezekanaje.

Kutoka mguu wa mashine hadi mlangoni, sakafu ilikuwa imepakwa ukanda wa rangi ya njano, mpana kama kitanda cha mtoto. Mshona nguo alieleza. Hiyo ndiyo njia ambayo ubao hupita msumeno ukiukataa. Marehemu aliipaka kwa mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama juu yake diski ikizunguka. Hata wateja wenye pesa zao walizungushwa pembeni mwa ukuta kama kuku.

Marehemu alilala katikati ya ukanda huo.

Binti yake alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, mikono imetulia magotini. Mtaa mzima ulimwita Robo Inchi, kwa kuwa, walisema, hata chumvi ya mchuzi huipima kwa rula. Alikuwa fundi kama baba yake, na wiki ile ile baba alikuwa ametangaza kwamba msumeno wa meza sasa ni wa binti. Alisimama, akanyoosha viganja.

"Nifunge pingu, Afande. Nimemuua baba."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa usahaulifu."

Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamenyooka. Nyuma ya diski husimama bamba jembamba la chuma ambalo mafundi huliita ulimi. Ubao ukishapasuliwa, ulimi hukaa katikati ya vipande viwili na kuvizuia visijifunge na kuibana diski. Vikiibana, meno ya nyuma huunyanyua ubao na kuurusha kwa mtu aliye mbele, kasi ya jiwe la kombeo. Asubuhi alikuwa na mbao za kuchimbia mitaro ya kuingizia vioo. Mtaro haupasui ubao hadi juu, kwa hiyo ulimi huzuia kazi, na ni lazima utolewe.

"Uliutoa?"

"Niliutoa. Nakumbuka baridi ya chuma mkononi."

"Uliurudisha?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Nimejaribu tangu nilipoingia humu. Sikumbuki. Na tazama uliko."

Ulimi ulikuwa kwenye rafu, mahali unapokaa daima ukitolewa. Binti alikuwa amekwenda nyumbani kula mchana. Baba naye alitoka kwenda kupima dirisha la mteja. Inaelekea alirudi mapema, akaanza kukata bila kutazama, akimwamini mwanawe. Ndivyo binti alivyoliona jambo hilo, na alilisema bila chozi, kama anayesoma kipimo.

Mdogo wa marehemu aliingia akiwa na kopo la gundi. Mtaani aliitwa Chapuchapu. Alipoona kaka yake amefunikwa shuka, aliangusha kopo, akamwangukia inspekta begani, akalia hadi sajenti akageuza uso. Alipopata pumzi alisimulia kwamba asubuhi alipiga msasa viti barazani, mchana akaenda kununua gundi, na humu ndani hakukanyaga. Alikuwa amenawa uso na kubadili shati. Akiongea, mkono wake ulikuwa ukirudi kwenye mbavu za kushoto, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Aliomba mtoto wa kaka yake asifungwe. Mwanangu huyu ni mtoto mwema, alisema, ila vijana wana vichwa vya kuku. Aachiwe tu, mradi msumeno asiuguse tena maisha yake.

Ombi hilo la mwisho alilirudia.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema ubao ulivunja mbavu na damu ikavujia ndani. Marehemu hakufa papo hapo. Alikaa na roho yake kwa muda. Muda gani? Daktari aliinua mabega. Inspekta aliwaza mkono wa blauzi, sindano ikipanda na kushuka, na ng'ambo ya uchochoro mtu akisubiri mlango ufunguliwe.

Binti alilala mahabusu. Sajenti aliandika kuua bila kukusudia, akaona kesi imekwisha. Jioni, akivua shati lake jeupe nyumbani, inspekta aliona doa begani. Alilipeleka chini ya taa. Lilikuwa na umbo la sikio la mtu, na lilikuwa jekundu. Akakaa ukingoni mwa kitanda na shati mapajani, na ule mlio ukamrudia, mwembamba, mrefu, hadi akasahau kula.

Asubuhi alirudi karakana na watu watatu: sajenti, binti, na Chapuchapu. Mwanga ulikuwa ule ule wa dirisha. Walipoingia, vumbi liliinuka kidogo, likawatazama, likatulia tena.

Inspekta alisimama mbele ya rafu.

"Nani hufuta hapa?"

"Baba," alisema binti. "Kila asubuhi, kabla plagi haijachomekwa. Kazi haianzi juu ya vumbi la jana. Mteja akija mapema, atasubiri."

"Na jana?"

"Alifuta rafu, nami nikafagia. Kama siku zote."

"Halafu ukakata mbao gani?"

"Nyeupe. Hadi mchana ni nyeupe tupu."

"Nyekundu?"

"Ule ubao mwekundu hakuna aliyeugusa. Baba aliutunza miaka mingi. Alisema utajua wenyewe siku yake."

Inspekta alivaa glovu, akaita wote wasogee. Rafu ilikuwa kama shamba lililoangukiwa na unga. Kila kilicholala pale tangu asubuhi ya jana, nyundo, patasi, kopo la misumari, kilikuwa na vumbi jeupe mgongoni, na juu ya jeupe, utando mwembamba wa jekundu. Inspekta aliinua nyundo. Chini yake ubao wa rafu ulikuwa safi, umefutwa, umbo la nyundo limebaki.

Kisha akainua ulimi, kwa ncha mbili za vidole, taratibu kama anayemtoa mtoto usingizini.

Mgongoni ulikuwa na vumbi jekundu tu. Jeupe, hata chembe. Na pale ulipokuwa umelala, rafu haikuwa safi. Vumbi jeupe lilitanda chini yake, laini, halijaguswa na mtu.

Binti ndiye aliyesoma kwanza, kwa kuwa vumbi lilikuwa lugha yake.

"Ungekuwa umebaki hapa tangu nilipochimba mitaro," alisema polepole, "ungekuwa na jeupe juu na pasafi chini. Kama nyundo."

"Ndiyo."

"Basi haukubaki hapa. Niliuchukua nikaurudisha kwenye mashine. Vumbi langu likajaza mahali pake."

"Uliurudisha, Robo Inchi. Ukapasua mbao nyingine nyeupe, ukaenda kula. Halafu mtu akaja akautoa, akauweka juu ya vumbi lako. Ndipo akakata ubao mwekundu."

Binti alitazama mikono yake kama anayekutana na watu wawili aliowadhani wamekufa. Ilikuwa imefanya kazi bila kumwambia, kama ilivyofanya kila siku tangu alipofundishwa. Hapo ndipo alipolia.

Chapuchapu alikohoa. Alisema basi ni kaka mwenyewe aliyeutoa. Watu wazima pia hupitiwa.

"Labda," alisema inspekta. "Wewe unazijua kazi za kaka yako. Nionyeshe alivyokuwa amesimama."

Plagi ilikuwa imechomolewa, mashine imelala. Chapuchapu alisita, kisha kiburi kikamsukuma. Alikwenda mbele ya meza, akaweka viganja, akajipanga. Alisimama juu ya ukanda wa njano, uso kwa uso na diski. Chini ya soli zake palikuwa na mabaka mawili yasiyo na vumbi jekundu, mabaka ambayo sajenti alikuwa ameyazungushia chaki tangu jana. Viatu viliingia ndani ya chaki kama droo iliyopimwa vizuri.

"Hapo?"

"Hapa hapa."

"Na diski iwe juu hivyo?"

Diski ilikuwa imepandishwa kupita kiasi, meno yote nje.

"Hivyo hivyo. Ikate chapuchapu."

Binti alitikisa kichwa. "Baba alitaka meno yachungulie tu juu ya ubao. Na alisimama kushoto, nje ya njano. Na kijiti cha kusukumia kile pale msumarini hakijaguswa. Na miwani yake ya kazi ilikuwa mfukoni. Afande, baba hakuja kukata."

"Hakuja kukata," inspekta alikubali. Alifungua mfuko wa karatasi, akatandaza shati lake juu ya meza, doa likiwa juu. "Jana ulinililia begani, bwana. Uso ulinawa. Sikio ulilisahau. Umelipataje vumbi la ubao mwekundu, nawe humu hukukanyaga?"

Chapuchapu alilitazama sikio lake juu ya shati. Mkono ukarudi kwenye mbavu.

"Hapo unapojishika pana nini?"

"Panauma."

"Nani amekuumiza?"

Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu aliyelala.

"Kaka. Alinisukuma."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Tangu ujana amekuwa mtu wa msasa. Aliwahi kukata ncha ya kidole kwa pupa, na kaka akamwondoa kwenye msumeno, akamwambia utarudi siku utakayojifunza kusubiri. Siku hiyo haikufika. Kisha juzi akasikia msumeno unapewa mtoto, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni.

"Nilitaka akirudi akute ule ubao wake umepasuliwa, umenyooka kama uzi. Aseme mara moja tu, mdogo wangu, umeweza. Ulimi niliuona unanichelewesha. Nikautoa. Katikati ya ubao mashine ikaanza kutetemeka, nikakaza. Nikamwona mlangoni. Mteja hakuwepo, nadhani, akarudi. Hakupiga kelele. Alikuja mbio juu ya njano, yeye, aliyetukataza sote, akanisukuma mbavuni. Nikaangukia mbao. Ubao ukamkuta yeye."

"Alisema kitu?"

"Alisema zima."

"Hukuzima."

"Sikuzima. Nilikimbia."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa ananitazama." Chapuchapu aliketi sakafuni. "Nilinawa bombani, nikabadili shati, nikaenda dukani. Njiani nikakumbuka ulimi uko rafuni, na kwamba asubuhi mtoto alichimba mitaro. Nikajua yeye mwenyewe atajishitaki. Namjua. Nikaona kaka ameshakwenda, harudi. Angalau msumeno uwe wangu."

Sajenti alifunga pingu bila kelele. Inspekta alimsomea makosa yake, kusababisha kifo kwa uzembe, kumwacha majeruhi bila msaada, kutoa maelezo ya uongo, na yeye aliitikia kila moja kwa kichwa, kama anayehesabiwa mbao.

Mlangoni aligeuka. Alikuwa ameitembeza miguu kando ya ukuta, nje ya ukanda wa njano, labda kwa mara ya kwanza maishani.

"Mwanangu," alisema. "Usinisamehe."

Binti alikuwa amechukua kitambaa cha baba yake msumarini. Aliomba ruhusa kwa macho, inspekta akaitikia, maana picha zilishapigwa na vumbi lilishasema yake yote. Akafuta rafu, kuanzia ncha hadi ncha. Akashusha diski hadi meno yakachungulia. Akaufunga ulimi mahali pake, akajaribu kuutikisa, haukutikisika. Mikono ilijua njia. Inspekta aligundua kwamba ule mlio nyuma ya masikio yake umekoma. Hakujua ulikoma saa ngapi.

Ndipo binti akamgeukia mtu wa pingu, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, vumbi likielea kati yao.

"Ukitoka, Baba Mdogo, uje hapa. Nitakufundisha msumeno huu mimi mwenyewe, toka mwanzo. Lakini utaanza na kufagia."