Blanketi Lililokuwa Linapungua

Kila alipotoka shule, Fasta alivua sare, akala, akanawa mikono, kisha akamwonyesha bibi viganja. Bibi alivigeuza huku na huku, akanusa vidole kimoja kimoja.

"Hiki bado kinanuka mafuta. Rudi kwenye sabuni."

"Lakini bibi, ni kidole kimoja tu!"

"Ndicho kinachoshika uzi."

Uzi wenyewe ulikuwa mweupe na laini, wa kufumia blanketi la mtoto. Tumbo la mama lilikuwa limefika pale ambapo kufunga kamba za viatu ni kazi ya watu wawili, na Fasta alikuwa ameomba mwenyewe kwamba kitu cha kwanza kitakachomfunika mdogo wake kitoke mikononi mwake. Bibi alikubali, ingawa alijua jina hilo la utani halikutoka hewani. Mtoto huyu alikula fasta, aliandika fasta, na alipiga mswaki kana kwamba meno ni ya jirani.

Halikuwa blanketi la bapa. Bibi alimfundisha kukusanya vitanzi kadhaa vya uzi mahali pamoja kwenye sindano ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda, kisha kuvivuta vyote kwa mara moja ili kitoke kinundu kidogo, laini, kama punje ya mahindi.

"Kwa nini tusifanye la kawaida, bibi? Hivi vinundu vinachelewesha."

"Mtoto mchanga haoni mbali. Kazi yake ni kushika. Mpe cha kushika."

Walipomaliza mstari wa kwanza waliutandaza kwenye mgongo wa kochi la mbao la sebuleni. Ulianzia mkono mmoja wa kochi ukaishia mkono wa pili, barabara.

"Upana wetu ndio huo," bibi akasema. "Na kumbuka, kazi ya mtu haiguswi na mtu mwingine. Kila mkono una mvuto wake. Huyu anakaza, yule analegeza, mwishowe kitambaa kinakuwa na mawimbi."

Basi Fasta akafuma. Alifuma akiongea, alifuma akichungulia dirishani nani anapita, alifuma akimsimulia mama ugomvi wa darasani. Blanketi likapanda. Siku moja akalitandaza tena pale kwenye kochi ili ajisifu kidogo, na moyo wake ukashtuka.

Chini lilifika mkono kwa mkono. Juu halikufika. Lilikuwa limesinyaa pande zote mbili, kama sketi iliyobanwa kiunoni.

"Kuna mtu anavuta vitanzi vyangu," akanong'ona.

Nani sasa? Mama hainami. Bibi ndiye mwenye sheria. Alibaki mmoja tu: Mgeni.

Mgeni alikuwa binti wa mama mdogo. Aliletwa kukaa nao kwa sababu mama yake alipata kazi mbali. Siku ya kwanza watu walisema, "Mpisheni mgeni, mpeni mgeni maji," na jina likamganda. Alikuwa mdogo kwa Fasta, mpole, na alikuwa na tabia ya kufungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha kuufunga.

Tangu siku hiyo Fasta hakumwondolea jicho. Na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoona. Gauni la Mgeni lilikuwa na vinyoya vyeupe vya uzi mapajani. Mgeni alitoka shule mapema kuliko yeye, kwa hiyo alibaki na kikapu cha uzi muda mrefu. Siku nyingine Fasta aliingia ghafla akamkuta amechuchumaa kando ya kikapu, na Mgeni akasimama upesi.

"Unatafuta nini hapo?"

"Hamna. Nilitaka kukwambia kwamba pale pemb..."

"Usiguse! Hukusikia sheria ya bibi?"

Mgeni akafunga mdomo.

Ona alivyoufunga mwenyewe, Fasta akawaza. Angekuwa hana kosa angejibu.

Akaamua kuweka mtego. Kabla ya kwenda shule alifunga mfuniko wa kikapu kwa uzi mwekundu, akapiga fundo lake mwenyewe lenye masikio mawili. Shuleni hakusikia hata mwalimu alikuwa anafundisha nini. Mchana alikimbia nyumbani, akapita mlangoni bila hata kuvua viatu, akapiga magoti mbele ya kikapu. Uzi mwekundu ulikuwepo. Fundo lilikuwa na sikio moja.

Wakati wa chakula hakuweza kujizuia tena.

"Mama, humu ndani kuna mwizi wa vitanzi. Anafumua blanketi la mtoto pembeni. Ushahidi ninao!" Akamnyooshea Mgeni kijiko. "Ni huyu! Ana wivu kwa sababu sisi tunapata mtoto."

"Wewe! Shusha kijiko," mama akasema. "Mgeni, mwanangu, ni kweli?"

Mgeni aliangalia sahani yake. Kisha akainuka, akaenda chumbani, na huko ikasikika sauti ya zipu ya begi.

Mama alimfuata huku ameshika kiuno. Alimkuta anakunja nguo zake, moja moja, kwa uangalifu mkubwa.

"Mama mkubwa, naomba umpigie mama aje anichukue. Hapa sitakiwi."

Fasta alisikia akiwa mezani. Alitarajia kufurahi, lakini akasukuma sahani pembeni.

Bibi hakugomba. Alifuta mikono, akakaa kwenye kochi, akapigapiga nafasi iliyo kando yake.

"Lete kazi yako, mpelelezi. Nifumie mstari mmoja nikiwa naona."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Fuma kama unavyofuma siku zote."

Fasta akafuma. Vinundu vilijipanga vizuri, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Akageuza kitambaa ili aanze kurudi.

"Hapo hapo, simama," bibi akasema. "Na huyu umemwachia nani?"

"Nani?"

Bibi alichukua sindano, akaingiza ncha yake pembeni kabisa. Kitanzi kimoja kilichojikunja kwenye kona kikainua kichwa.

"Cha mwisho hujificha, kwa sababu kinalala ubavu. Usipokitafuta hukioni. Umekiruka hapa. Na hapa chini pia. Na hapa."

Ncha ya sindano ilishuka ukingoni mstari kwa mstari, na kila iliposimama, masikio ya Fasta yalizidi kupata moto.

"Na jambo jingine," bibi akaendelea. "Ukitaka kufumua blanketi unaanzia wapi?"

"Juu. Pale nilipoishia."

"Unaweza kuchomoa pembeni ukaacha katikati?"

Fasta alijaribu kwa kidole. Pembeni paligoma kabisa. "Haiwezekani," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulijua hivyo tangu mwanzo, ila hukujiuliza."

"Lakini bibi, mbona alifungua kikapu? Mbona ana vinyoya?"

"Uzi tunaununua ukiwa mafungu marefu. Kila ukimaliza bonge moja unakuta jingine kikapuni, limezungushwa vizuri, halina hata tata. Ulidhani linatembea lenyewe? Mimi vidole vinaniuma. Mwenzako ndiye hukaa na lile fungu mapajani akakuzungushia, na ndiye aliyeweka bonge jipya leo."

Fasta alilala kifudifudi kwenye kochi akafunika uso kwa blanketi. Kisha akainuka akaenda chumbani, akasimama mlangoni.

"Mgeni. Nilikusingizia. Ni mimi ninayeruka vitanzi. Nisamehe, dada yangu."

Mgeni aliachia zipu. "Niliona pembeni panapungua," akasema. "Kila nikitaka kukwambia unaniambia nisiguse."

"Niambie sasa."

"Sasa bibi ameshakwambia."

Mama akacheka, akashika tumbo. "Jamani msinichekeshe, huyu huku ndani naye anaruka."

Begi likarudi chini ya kitanda. Blanketi likafumuliwa karibu lote. Fasta alivuta huku machozi yakimlenga, Mgeni akazungusha bonge. Safari hii Fasta alifuma polepole, na kila mwisho wa mstari Mgeni aliuliza, "Yupo?" Naye alitafuta kile cha pembeni, akajibu, "Yupo!"

Mtoto alizaliwa kabla upindo wa kuzungushia blanketi haujaisha. Bibi akaamua upindo afume Mgeni, ambaye naye alikuwa amemfundisha, maana upindo unapenda mkono unaokaza kama wake. Jirani alipokuja kumwona mtoto, alimtazama aliyekuwa anafuma akauliza, "Na huyu ni mgeni wenu?"

"Hapana," Fasta akasema. "Ni dada yetu. Anamalizia blanketi letu."

Upindo ulipoisha, bibi alimfunika mtoto kwa blanketi, akawaita wote wawili wasogee.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Ukiona kitu chako kimeharibika, anza kukagua mikono yako. Ukishamaliza hapo, muulize mwenzako, kisha umwache ajibu mpaka mwisho. Uzi tuliufumua tukaufuma upya. Mtu akishafunga begi akaondoka, si rahisi hivyo."

Mtoto alipiga chafya ndogo. Kimkono chake kikatangatanga juu ya blanketi, kikapata kinundu, kikakishika.