Mfuko wa Hewa Uliorudishwa Mlangoni

Ndugu zangu wa Baraka, na ninyi mnaokaa juu kule Fizi, tulieni kidogo msikie habari ya nyumba ya Casimir. Haisimuliwi ili mtu achekwe. Ugonjwa ulioingia katika nyumba ile uko katika nyumba nyingi za kwetu, na Mungu anaziona zote.

Kabla ya vita Casimir alikuwa mzamiaji. Mzungu mmoja alikuwa akinunua samaki wadogo wa rangi wanaoishi kati ya mawe, na Casimir ndiye aliyewafuata huko chini, chupa ya hewa ikiwa mgongoni. Jioni alikaa uani akikausha vyombo vyake. Mkewe Constance alisonga ugali, na Fanny, mdogo wake Constance, alimtania shemeji yake kwamba ananuka mpira kuliko samaki. Casimir alicheka, kisha akaanza kuwaeleza tena kama mwalimu: hili ni bamba, linakaa mgongoni na kubeba chupa, na huu uliofungwa juu ya bamba ni mfuko wa hewa, mnene kama tyubu ya gari. Ukiujaza unakupandisha, ukiutoa hewa unashuka. Vyombo vilikuwa jozi mbili. Bamba zito la chuma lilikuwa na mfuko wake mkubwa, na bamba jepesi lilikuwa na mfuko wake mdogo.

“Hivi viko sawa bibi na bwana,” alisema. “Hauchukue bibi ya huyu ukamupa yule. Matundu yao hayapatane, na nguvu yao haipatane.”

Fanny alisema basi hata vyombo vya mzungu vinaolewa kabla yake yeye. Walicheka sana jioni ile.

Vita ilipoingia, mzungu alikimbia na askari wakavunja stoo. Casimir aliokoa bamba zito, mfuko mdogo, chupa na kompresa ya kuzijazia hewa. Alivifukia vyote katika shamba la mihogo. Mfuko mkubwa na bamba jepesi vilichukuliwa, na hakujua vimekwenda wapi.

Katika vita ya pili watu walianza kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Fanny alipata nafasi katika mashua ya Saleh, jirani yao anayekaa karibu na msikiti. Mashua ilizama upande wa Ubwari, siku ya jua, ziwa likiwa limetulia. Waliopona walisema watu walikuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu risasi zinapolia nyuma yako huna moyo wa kumshusha mtu. Saleh mwenyewe alimpoteza kaka yake humo. Lakini katika maneno yote Constance alisikia moja tu, kwamba mashua ilijazwa. Tangu hapo hakuisalimia tena nyumba ya Saleh.

Maiti zilielea zikazikwa. Ya Fanny haikuonekana. Katika ukoo wa Constance, mkeka wa matanga haukunjwi mpaka aliyekufa alale udongoni. Basi mkeka ukabaki umetandikwa uani, kwenye umande na kwenye jua. Constance akaanza kumsikia mdogo wake. Kila alipomimina maji katika sufuria, alisikia mtu akivuta pumzi. Alipotazama vidole vyake aliona vimekunjamana, kama vya mtu aliyekaa majini siku nyingi.

“Mudogo wangu iko na baridi,” alimwambia mumewe. “We unajua njia ya kule, na umekaa.”

Casimir alichukua jembe akaenda kufukua vyombo vyake.

Alipovipanga uani, moyo wake ulirudi nyuma. Matundu ya bamba na ya mfuko hayakukutana. Buloni, yaani bolti ya kuvifunga pamoja, ilipita upande mmoja, upande wa pili ilikataa. “Hii chuma itanivuta,” alimwambia mkewe, “na huu mufuko hauna nguvu ya kunirudisha. Kama ningepata ule mukubwa, ningeshuka bila woga.” Kisha akaenda kutafuta petroli ya kompresa.

Hakuwa amefika mbali wakati Latifa, mke wa Saleh, alipobisha hodi. Alibeba kitu kilichofungwa katika kitenge.

“Mama Vainqueur, sikuya na palabre, sikuya kugombana,” alisema, akimwita Constance kwa jina la mtoto wake. “Musoda mumoja, askari wa ile vita, alituuzisha hiki kintu, alisema iko muto ya kukalia mu mashua. Bwana yangu, Baba Mahmudu, amesikia bwana yako anashuka. Amesema tusikikalie tena, kirudie mwenyewe.”

Constance aligusa kile kitenge, na chini ya kitambaa kilikuwa na joto na ulaini, kama tumbo la mtoto. Alijua ni nini. Akaondoa mkono.

“Mulishatuletea maji yaliyomeza mudogo wangu,” alisema. “Inatosha. Kintu ya nyumba yenu haiingie mu nyumba yangu.”

Latifa alisimama kidogo, kama mtu anayengoja aitwe. Kisha akarudi na mzigo wake. Casimir aliporejea aliona nyayo mlangoni, akauliza nani alikuja.

“Hakuna muntu,” Constance akajibu.

Ewe unayesoma, simama hapo. Casimir alikuwa bado mzima, anasugua chuma chake kwa mchanga. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

Bonaventure, mvuvi rafiki wa Casimir, ndiye aliyeunga mfuko na bamba kwa kamba ya nyavu. Sisi watu wa ziwa tunaamini fundo kuliko buloni. Mikono yake ilifunga kama ilivyozoea, fundo la kufungia maboya, ambalo huteleza kidogo samaki mkubwa anapovuta ili wavu usipasuke. Walilijaribu uani likashika vizuri. Bonaventure alimtazama rafiki yake na lile bamba la chuma mgongoni, akasema, “We iko sawa kobe iliyojenga nyumba ya mabati.” Casimir akamwomba mkewe asali. Constance alisali, lakini maneno hayakupita meno yake, maana jina la Latifa lilikuwa bado limesimama mlangoni.

Walikwenda Ubwari wote watatu kwa mtumbwi wa Bonaventure. Casimir alishuka na kamba mkononi, na Constance akatazama mapovu yake yakipanda. Kamba ilipotikiswa, waliivuta. Fanny alipanda polepole, nywele zake bado zina misuko ambayo Constance mwenyewe alimsuka siku ya safari.

Walipokuwa wanamlaza mtumbwini, mapovu yalianza kuhama. Yalikuwa mahali pamoja. Sasa yalikwenda upande wa kilindi, kule ambako mawe yanaishia na ziwa halionekani mwisho. Bonaventure alipiga makasia kuyafuata. Yakawa machache. Halafu kitu kikapanda juu kwa kasi, na Constance akashukuru Mungu kwa sauti.

Kilikuwa ni ule mfuko mdogo, peke yake, umejaa hewa, kamba zikining'inia chini yake. Bonaventure alizishika. Mafundo hayakuwa yamekatika. Yaliteleza tu, kama yalivyofundishwa. Bamba la chuma lilibaki chini na Casimir, na kamba pekee waliyokuwa nayo ya kumvutia mtu ilikuwa imezungushwa kifuani mwa Fanny.

Fanny alizikwa. Mkeka haukukunjwa, sasa unamngoja Casimir.

Baada ya maziko Latifa alikuja tena. Hakubisha hodi. Alitundika ule mfuko mkubwa kwenye msumari ndani ya mlango, na safari hii Constance hakumzuia. Uko pale mpaka leo. Kuna hewa kidogo iliyobaki ndani. Mchana mabati yakipata joto, mfuko huvimba taratibu. Jua likishuka nao hushuka, na mdomo wake hutoa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka kupanda kilima. Constance huketi mkekani akisikiliza. Latifa huja kukaa naye.

“Siku ile bwana yangu aliniuliza nani alikuya,” Constance alimwambia siku moja. “Nilisema hakuna muntu.”

Latifa alisogea karibu zaidi mkekani.

FUNDISHO

Ndugu zangu, kitu kinachobeba uhai wa mtu kisiungwe ovyo. Bamba na lipate mfuko wake, wenye matundu yanayokutana nalo na nguvu ya kulipandisha, na fundo la boya libaki kwenye wavu. Lakini Casimir hakuuawa na fundo peke yake. Chombo chake kilifika nyumbani kwake kikiwa kizima, na chuki ikakirudisha. Vita iligawa vitu vyetu: nusu iko kwako, nusu iko kwa yule usiyemsalimia. Akija kubisha mlangoni, pokea kwanza. Hasira itakungoja, haiendi mahali. Na usimfiche aliye wako jina la mtu aliyekuja kumsaidia.

Mungu atusamehe milango yetu. Na mkipita jioni kwa Constance, salimieni kwa sauti ndogo.