Kanda Iliyozibwa kwa Karatasi

Redio mpya ya Masalu ilianza kukwaruza siku ya nne baada ya kumzika mama yake. Si wimbo wote. Ni pale tu mwimbaji aliponyamaza kuvuta pumzi, spika zote mbili zilikwaruza kama mtu anayekohoa bila kuziba mdomo. Na mtaa mzima wa Kiseke ulikuwa umeshaalikwa kuja kuziona spika hizo! Aibu iliyoje.

Jumapili mchana akamwita fundi Ojuok kutoka Nyamagana. Ojuok akahamisha nyaya, ya kushoto akaipeleka kulia. Mkwaruzo. Akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa spiriti. Mkwaruzo. Mwisho akaunganisha spika yake mwenyewe, kuukuu, ya kufanyia majaribio.

"Hata yangu inakwaruza," akasema. "Spika hazina kosa, bwana. Hebu nione hiyo kanda."

Akaigeuza, akaguna. Enzi hizo kila mtu alijua: kanda usiyotaka ifutwe, unavunja vile vimeno viwili vya mgongoni. Vya hii vilikuwa vimevunjwa. Kisha mtu akaziba matundu yake kwa karatasi ili arekodi juu yake.

"Nani kaziba hapa?"

Dorotea, mkewe Masalu, akachungulia, akamgeukia mumewe. "Baba Mayala, si ndiyo kanda ya mama?"

Ndiyo yenyewe. Mama, mgonjwa wa kifua huko Sengerema, hakujua kuandika. Alisema maneno yake kwenye kanda, akamtumia mwanawe mkubwa kwa kivuko cha Kamanga. Masalu akaiweka kabatini, akiogopa kuitwa nyumbani. Redio ilipofika hakuwa na kanda tupu, akarekodi muziki wa dansi juu ya mama yake bila kusikiliza hata neno moja. Msibani wajomba walipomuuliza mama ameagiza nini, akajibu, "Amenibariki tu." Wakamshukuru, wakamkabidhi mji wa mama yake ausimamie. Tangu siku hiyo ugali haukumshuka, na alijichukia.

"Lakini ulituambia ulisikiliza," Dorotea alinong'ona.

Masalu akairudisha kanda redioni, akabonyeza, na mkwaruzo ukaanza upya. Ojuok akachomoa plagi ukutani. Taa ya redio ikazimika, lakini mkwaruzo haukuzimika, ukaendelea ndani ya spika zisizo na umeme, ukapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa, na sebule ikajaa harufu ya ile dawa ya kuchua ambayo mama alijipaka kila jioni, mpaka Dorotea akashika ukuta, mpaka mkwaruzo ukawa kikohozi, na kikohozi kikawa maneno.

"Masalu. Mwanangu. Umesikia nilichokuagiza?"

"Sema kweli," Ojuok alinong'ona. "Mwambie tu hukusikiliza. Ni mama yako, atakusamehe!"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Masalu ilikuwa imefika mwisho. Lakini mkewe alikuwa akimtazama, na fundi, mtu baki, alikuwa akimtazama. Aibu ikaishinda hofu.

"Nimesikia, mama."

Mkwaruzo ukakoma. Dorotea akashusha pumzi.

"Haya," ikasema ile sauti, sasa safi kabisa, haina kikohozi. "Basi kafanye leo hii, kabla jua halijazama. Ukishindwa, nitakuja kufanya mwenyewe."

Masalu akamtazama mkewe, kisha akamtazama fundi, kana kwamba mmoja wao aliijua kazi yenyewe.