Kikombe Kimoja Kila Gunia

"Funga mlango kwanza," nilimwambia.

Mchumba wangu akaurudishia mlango wa ghala. Yeye ndiye mkufunzi aliyeletwa kuuandaa ushirika wetu tuweze kuiuzia hospitali karanga za uji wa watoto waliolazwa. Mimi ni mtunza ghala. Tulipendana humohumo kati ya magunia, kila mtu akijua, na wanawake wa ushirika walishaanza kumwita shemeji.

"Kuna nini?"

"Ni mama. Paa lake lilivuja, karanga zake zikaota ukungu. Akachukua funguo zangu nikiwa nimelala."

"Akafanya nini?"

"Akazichanganya na za wenzake. Kikombe kimoja kila gunia."

Mchumba wangu alikaa sakafuni, puu. Ujue, zamani sisi tulikuwa tunamwaga mavuno yote lundo moja. Aliyevuna vibaya anafichika kwa wenzake, hachekwi na mtu. Yeye ndiye aliyetufundisha kila gunia libaki na alama ya mwenyewe. Sasa mama akashindwa kuvumilia gunia lenye alama yake lifunguliwe mbele za watu. Kwa akili yake, ubaya ukigawanywa kidogo kidogo unaisha.

"Ameharibu ghala zima," alisema. "Ukungu ule unaua ini. Hata ukizikaanga, sumu haitoki."

"Najua. Siombi tunyamaze. Naomba mpaka kesho asubuhi tu, mama asimame aseme mwenyewe. Ukimtangulia, hatainua tena uso mbele ya watu."

Akanishika mikono yote miwili.

"Mama yako ni mama yangu. Atasema mwenyewe."

Nikamwamini, mjinga mimi.

Jioni mama alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akakubali. Asubuhi akavaa gauni lake la heshima, tukaenda. Pale ghalani tukakuta gari la hospitali. Wanachama wote wameshakaa, afisa manunuzi amesimama mbele, na mchumba wangu pembeni yake, anaangalia viatu vyake.

"Ndiye huyu?" afisa aliuliza.

"Ndiye," mchumba wangu akajibu.

Mama alikuwa hajafungua hata mdomo.

Mweka hazina, shoga yake mama tangu usichana wao, akamgeukia.

"Shoga, hata gunia langu?"

"Nilikuwa nakuja kusema," mama alijibu. "Haki ya Mungu, nilikuwa nakuja kusema."

"Umeshakamatwa, ndiyo unakuja kusema?"

Nani angemwamini? Nilijaribu kumtetea, nikaambiwa ninyamaze, funguo zilikuwa zangu. Wakamfuta uanachama palepale. Karanga zote zikaamuliwa zichomwe moto, jasho la watu wote hao. Afisa akasema hospitali itawapa nafasi nyingine msimu ujao, kwa sababu wana mkufunzi mkweli. Watu wakampigia makofi. Mama akaondoka peke yake, mimi nikibaki kukabidhi funguo.

Nilipofika nyumbani, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Wangegundua wenyewe tungekosa yote. Niliogopa, nikawaandikia jana. Nisamehe mpenzi. Harusi yetu iko palepale."

Nikampigia.

"Uliwaandikia saa ngapi?"

"Nilipotoka kwako."

"Uliponishika mikono, ulikuwa umeshaamua?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Nijibu."

"Nilikuwa nimeshaamua."

Nampenda yule mwanaume, na hata wakati ule nilikuwa nampenda.

"Sikiliza," nikamwambia. "Watoto wa watu hawatakula sumu, na kwa hilo nakushukuru. Mama alikosa, sikatai. Lakini alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, kusema mwenyewe kwa mdomo wake. Hicho nacho ukamnyang'anya, halafu ukapigiwa makofi wewe."

"Nitakuja nimpigie magoti."

"Usije."

"Mpenzi, tarehe imeshapangwa. Ndugu zangu niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Si ndiyo kazi yako?"

Nikakata. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta.

"Ulikuwa unaongea na mkwe wangu?" mama aliuliza kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa bado imekauka.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Ni yule mkufunzi wa ushirika."