Mibonyezo Miwili

Jumapili ile mchana nyumba ilikuwa na raha ya kuonewa wivu. Madirisha yalikuwa wazi, feni inazunguka juu ya meza, na chini binti wa miaka saba anapanga viatu vya baba yake mstari mmoja kama ndege zilizoegeshwa. Baba yake alikuwa rubani wa ndege ndogo ya mizigo, mama yake fundi cherehani. Mgeni wao, ambaye kusema kweli hakuwa mgeni, alikuwa dada mkubwa wa mke. Huyu alifanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege, kwenye uwanja uleule alikorukia shemeji yake, na mtaa mzima ulimwita Mama Mnara. Yeye aliongoza ndege zikiwa bado chini: ipite wapi, isimame wapi, imsubiri nani.

"Shem, juzi umeniaibisha," rubani alisema huku akijipakulia. "Umeniuliza mara tatu kama nimesikia, na wenzangu wote wako kwenye redio."

"Ungerudia agizo mara ya kwanza, nisingeuliza ya pili."

"Miaka kumi na tisa narusha ndege. Leo mimi ni kasuku?"

"Kasuku hajawahi kugonga ndege ya mtu."

Walicheka wote. Lakini dada hao wawili walipobaki jikoni, mdogo aliiweka sahani chini na kukausha mikono.

"Dada, shemeji yako anarudi nyumbani amenuna. Wanamtania kwamba shemeji yake anamwongoza kama mtoto wa chekechea. Mlegezee kidogo, kwa ajili yangu."

Hapa nisimame kidogo, ndugu msomaji. Mama Mnara aliijua sheria kama alivyolijua jina lake. Rubani akipewa agizo hulirudia, kisha hutaja namba ya ndege yake. Mwongozaji naye husikiliza kama limerudi vile alivyolitoa. Bila hivyo hakuna aliyeambiwa kitu. Aliyajua yote hayo, na bado akasema, "Haya, nitaona." Damu nzito kuliko maji, tunasema. Tusichosema ni kwamba wengine wamezama humohumo.

Basi kuanzia wiki ile, rubani akipewa agizo hakufungua kinywa. Alibonyeza kitufe cha redio mara mbili, tk-tk, maana yake nimesikia. Mama Mnara akakubali. Baada ya mwezi marubani wengine wakaiga. Hata dereva wa gari la ukaguzi, anayezunguka uwanjani kuokota mawe na vyuma, akawa anajibu tk-tk. Uvivu hauhitaji kufundishwa, unaambukiza wenyewe.

Mwenzake mnarani, mzee wa upara aliyeongoza ndege zinazotua, hakupendezwa.

"Hiyo tk-tk ina jina?" alimuuliza siku moja.

"Namjua shemeji yangu."

"Sijauliza kama unamjua. Nimeuliza kama ina jina."

"Mzee, unatafuta kazi isiyokuwepo."

Mzee alivaa vipokea sauti vyake, akarudi kwenye ndege zake.

Jumanne moja asubuhi mvua ilishuka kama imetumwa. Vioo vya mnara vilifunikwa maji, na ghala la mizigo likawa kivuli tu. Rubani, akiwa peke yake na maboksi ya dawa, alikuwa tayari kutoka; ofisi yake ilikuwa imemwombea ruhusa kwa simu. Mama Mnara akampa njia: pita nyuma ya ghala, kisha vuka njia ya kurukia uende upande wa pili. Tk-tk. Hiyo ilikuwa yake kweli, maana ndege ilianza kusogea.

Papo hapo akamwambia dereva wa gari la ukaguzi arudi kituoni, mvua imezidi. Dereva hakujibu mara moja. Alikuwa anapambana na mlango wa gari uliogoma kufungika.

"Ya abiria inatua sasa," mzee wa upara alisema. "Imekuja mapema. Njia iwe tupu."

Mama Mnara akabonyeza. "Ndege ya mizigo, usivuke. Nimebadilisha agizo. Simama kwenye mstari, kuna ndege inatua."

Tk-tk.

Akashusha pumzi, akachukua kalamu aandike saa. Hakuuliza mara ya pili. Ningekuwa naandika ili kumsitiri ningesema redio iliharibika. Haikuharibika. Ilikuwa nzima, na yeye alikuwa na nafasi ya kutamka maneno matatu: nirudie nilichokuambia, tafadhali.

Rubani hakuwa amesikia kitu. Alikuwa kwenye redio ya pili, anaongea na ofisi yake kuhusu boksi moja lililosahaulika, na hii ya mnara ameipunguza sauti. Alipotokeza nyuma ya ghala hakusimama kwenye mstari.

"Mwambie asimame," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Shem, simama. Shem. Simama hapo."

Ndege ya abiria ilikuwa imekwisha kugusa ardhi. Bawa lake lilikata sehemu ya mbele ya ile ndogo, likaenda nayo hatua nyingi kwenye maji. Abiria wote walitoka hai, wachache wakiwa wamevunjika mikono. Rubani wa mizigo alifariki kwenye gari la wagonjwa, kabla halijafika geti la hospitali.

Wiki tano baadaye wachunguzi waliwaita wote kwenye chumba kimoja chenye meza ndefu na viti vya plastiki. Mdogo mtu alikuja pia, amevaa nyeusi. Tangu mazishi hakuwa ameongea na dada yake. Chakula alichopelekewa alikirudisha na vyombo vyake, hakijaguswa.

Waliwasha kinasa sauti. Agizo la kusimama likasikika wazi, na baada yake tk-tk.

"Nani alijibu hapa?" mchunguzi aliuliza.

"Yeye," alisema Mama Mnara.

"Umejuaje?"

Alikitazama kinasa sauti.

Nyuma ya chumba mtu alisimama, kofia mkononi. Alikuwa dereva wa gari la ukaguzi. "Ni mimi, mama. Nilikuwa nakujibu kwamba narudi kituoni. Samahani nilichelewa."

Mjane akainua uso.

"Naomba mrudishe nyuma. Tangu mwanzo."

Wakarudisha. Alisikiliza akiwa ameinama, mkono sikioni, kama anayemsikiliza mgonjwa. Ilipokwisha alimgeukia dada yake kwa mara ya kwanza.

"Nilikuja nisikie sauti yake ya mwisho, dada. Mtoto ananiuliza baba alisema nini. Mle ndani hasemi kitu." Alikunjakunja kitambaa magotini. "Na ni mimi niliyekuomba."

Mama Mnara alinyanyuka amshike. Mdogo wake alichukua mkoba, akatoka.

FUNZO

Wazazi wenzangu, wafanyakazi wenzangu: agizo halijafika mpaka aliyepewa alirudie kwa kinywa chake, na aliyelitoa alisikilize likirudi. Si uwanja wa ndege tu. Muuguzi anayepokezana zamu, fundi anayemwambia mwenzake akate umeme, mama anayemwachia jirani dawa ya mtoto, wote ni walewale. Kutikisa kichwa si jibu. "Mm" si jibu.

Wewe unayeombwa kumlegezea ndugu yako kazini, kataa. Atanuna. Mwache anune, kununa kunapona. Na wewe unayeulizwa mara ya pili usione umedharauliwa. Anayekuuliza tena anataka urudi nyumbani. Mjibu, tena kwa maneno.