Kanga za Harusi ya Najiat

Shoga yangu Zamda wa Kitete anakiri mwenyewe: alimficha fundi kwamba kabati la ukutani la chumbani linakaa juu ya ufuo, lile shimo lililopokea maji ya kuoshea maiti ya mama mkwe wake.

“Mama Najiat, mbona sakafu hapa inalowa?”

“Wewe pigilia mbao zako, bwana!”

Akapanga humo kanga za sare za harusi ya bintiye. Jioni akasikia ndani ya kabati kata ikichota maji na kumwaga, kuchota na kumwaga. Akaingiza mkono gizani. Astaghafirullah! Kanga zilijaa ute vuguvugu unaonuka kafuri na uozo, na mvi zilizosukwa mikia mitatu, kama asukwavyo maiti wa kike, zikamganda vidoleni.

Amezifua, anazigawa. Yangu nimeianika tangu jana, haikauki. Nakuomba, yako usijifunge.