Kasha la Ngoma Kubwa

Kila Jumatatu baada ya masomo, sisi wapiga ngoma wa bendi ya shule yetu mjini Macon hubaki stoo kufuta ngoma kwa ajili ya mechi ya Ijumaa. Stoo haina dirisha. Ngoma ndogo zina nyaya chini ya ngozi, na ukikohoa tu, nyaya hizo hutetema zenyewe kwenye rafu, chrrr, hadi mwili unasisimka.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Ozell, mgeni wa darasa la sita. Desturi yetu ilikuwa kumfungia mgeni ndani ya kasha la ngoma kubwa, kisha nahodha anapiga kifuniko mapigo mia. Ukigonga kutoka ndani, wewe mwoga, na Ijumaa huchezi.

Mimi ndiye niliyekalia kifuniko.

"Nadine, kaa vizuri asitutoroke!" alicheka Rashad, nahodha wetu.

Pigo la thelathini, Ozell akagonga. "Jamani, nifungulieni! Sipumui!"

"Weee, mtoto wa mama! Nyamaza kama unataka kucheza!" Rashad alimkemea.

Akanyamaza. Wenzangu wakashangilia ushujaa wake. Rashad alipotua kupumzisha mikono, nyaya ziliendelea kutetema kila Ozell alipovuta pumzi kwa kukoroma ndani ya kasha, chrrr, chrrr, polepole. Kisha zikatulia zote. Nilimgeukia Rashad.

"Tufungue, Rashad!"

"Bado mapigo arobaini. Halafu ya humu hayatoki nje, unajua."

Nilimsukuma, nikafungua. Midomo ya Ozell ilikuwa ya kijivu. Nilikimbia kwa Mwalimu Hollis, msimamizi wa bendi, nikipiga mayowe.

Ozell alizindukia hospitalini. Kesho yake Mwalimu Hollis alituita, na askari polisi alikuwa amekaa kando yake.

"Lakini alikubali mwenyewe, Mwalimu," Rashad alilia.

"Sheria ya jimbo imekazwa, Rashad. Haiulizi kama alikubali. Kumtesa mgeni ni jinai, hata mkiiita desturi, na anayeona akanyamaza naye ana kesi ya kujibu." Akanigeukia. "Nani alikalia kifuniko?"

"Mimi, Mwalimu."

"Basi andika hivyo hivyo kwenye maelezo yako. Ulikuja kuniita, na Ozell yu hai kwa sababu hiyo. Lakini aligonga, ukamsikia, ukabaki umekaa. Siku nyingine mtu akigonga, mwanangu, fungua hapo hapo. Usingoje anyamaze."